Kwenye bodi za maji tuache kutafuta bahasha, tuangalie viti

Ndugu Mhariri,

Kila ikitoka habari kwamba bodi fulani ya maji imeruhusu kiwanda au shamba kubwa lifyonze mto, au imekubali ardhioevu ifukiwe, maoni ya wasomaji yanakuwa yale yale, "hao washahongwa". Sibishi, wapo wanaohongwa. Ila naona tunajipa jibu rahisi mno, maana tukishasema rushwa basi kazi yote tumemwachia mpelelezi, na akikosa ushahidi wa pesa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine tunaambiwa bodi ni safi, faili linafungwa, na maji yanaendelea kwenda kule kule yalikokuwa yanakwenda. Sehemu kubwa ya haya mambo inafanyika kihalali kabisa, mchana kweupe, kwa muhtasari uliosainiwa na mwenyekiti na katibu wake.

Chukua Florida kule Marekani, kwa sababu mambo yao yamo kwenye kumbukumbu za serikali na yeyote anaweza kuyafuatilia. Wana wilaya tano za kusimamia maji, zilizotokana na sheria yao ya mwaka 1972, na ile ya kusini ndiyo inashika Ziwa Okeechobee na Everglades, ardhioevu kubwa ambayo zamani maji yake yalikuwa yanatambaa taratibu kutoka ziwani kuelekea baharini, leo katikati pamekaa mashamba ya miwa, mifereji na mapampu. Bodi ya wilaya ile ina watu tisa, gavana anawateua, seneti inawathibitisha, wanakaa miaka minne na mshahara hawapati. Sasa soma vigezo vya uteuzi. Sheria yenyewe inamwambia gavana aangalie watu wenye uzoefu wa kilimo, biashara ya kuendeleza viwanja na majengo, serikali za mitaa, kampuni za maji, sheria, uhandisi, sayansi ya mazingira na kadhalika. Kilimo na majengo ndiyo vimetangulia kwenye orodha! Wale wanaosema kesi ya ngedere kapelekewa nyani wanasahau kwamba nyani hapo ana barua ya uteuzi yenye muhuri.

Na hilo la kutolipwa mshahara watu wanalisifia sana, eti ni kujitolea. Jiulize nani anaweza kujitolea siku nzima za kazi, mwezi hadi mwezi kwa miaka minne, kusoma makabrasha na kukaa vikaoni bure. Muuguzi hawezi, mvuvi hawezi, mwalimu hawezi. Anaweza mwenye kampuni ambaye biashara yake inaendeshwa na watu aliowaajiri, au mwanasheria ambaye ofisi yake inafaidika akijulikana pale. Kiti cha bure kina wenyewe hata kabla hakijatangazwa, na hapo hakuna aliyemhonga mtu.

Novemba 2018 bodi hiyo hiyo ya kusini mwa Florida ilipiga kura kuongeza mkataba wa kampuni ya sukari kuendelea kulima miwa kwenye ardhi ya umma, ardhi ambayo ilishapangwa kujengwa bwawa kubwa la kuhifadhi maji ya kuinusuru Everglades, na bunge la Marekani lilikuwa limeidhinisha huo mradi mwezi uliotangulia tu. Hiyo ajenda ilitangazwa usiku wa kuamkia kikao. Gavana mteule, Ron DeSantis, aliomba wasubiri, mbunge wa eneo akaenda mwenyewe kuomba wasubiri, hawakusubiri. Wajumbe walijitetea kwamba kampuni ingelima tu mpaka ujenzi utakapohitaji ardhi, na kwa haki ya mtu hiyo hoja si ya kipuuzi, shamba kulimwa si kosa. Lakini kama hoja ni nzuri hivyo kwa nini iingie usiku? Mwananchi mwenye swali anapata saa ngapi za kusoma mkataba wa maelfu ya ekari? Januari 2019 gavana alipoapishwa, siku chache tu baadaye akataka bodi nzima ijiuzulu. Watu walishangilia, na mimi nilifurahi, ila ukitulia unaona kwamba utaratibu uliobaki ni ule ule, gavana anateua, viti havina mshahara, vigezo ni vile vile. Akija gavana mwingine anayependa sukari kuliko huyu, atafanya nini? Atateua.

Turudi kwenye kikao chenyewe maana humo ndimo mambo yanamoivia. Ombi la kibali linakuja na ripoti ya athari za mazingira. Nani kaiandika? Mshauri mwelekezi. Nani kamlipa mshauri mwelekezi? Mwombaji wa kibali. Huu ndio utaratibu wa kawaida karibu dunia nzima na hakuna anayeshtuka, mshauri akiandika kwamba mradi haufai hana uhakika wa kupata kazi inayofuata, kwa hiyo anaandika kwamba athari zipo ila "zinadhibitika". Kabrasha linakuwa na mamia ya kurasa, majedwali, ramani zenye rangi, na linamfikia mjumbe siku mbili tatu kabla. Mjumbe anasoma muhtasari wa mwanzo, ambao nao umeandikwa na huyo huyo mshauri. Wakati huo upande wa pili yupo mzee wa kijiji cha chini ya mto aliyepewa dakika tatu za kuongea, anasema kisima kimeanza kuwa na chumvi, mwenyekiti anamshukuru kwa mchango wake, inaandikwa kwamba "wadau walishirikishwa".

Mfano wa hizo ramani. Kuamua ardhioevu inaanzia wapi na kuishia wapi watu wanadhani ni kuangalia maji tu, kumbe wataalamu wanaangalia vitu vitatu, maji, mimea na udongo. Kampuni ikitaka eneo lionekane kavu inachofanya ni kupeleka timu yake kiangazi, wakati maji yameshuka na majani yameungua, wanapiga picha, wanachora mstari, eneo limepungua nusu. Udongo ndio haudanganyi. Chukua sepetu uchimbe shimo la nusu mita tu, pande la udongo ulilotoa ulivunje kwa mkono. Udongo uliokaa kwenye maji muda mrefu unakuwa wa kijivu, wakati mwingine unaelekea kwenye ubluu, kwa sababu hewa haikuingia na madini ya chuma yaliyokuwa yanaupa wekundu yameyeyuka na kuhama, halafu pale mizizi ilipopitisha hewa kidogo unaona vidoti na michirizi ya rangi ya kutu. Hizo alama zinabaki hata kama hapajanyesha mwaka mzima. Yaani mtu wa kawaida mwenye sepetu anaweza kuona kitu ambacho ripoti ya kurasa mia nne imekiruka. Ndiyo maana naona ajabu bodi inapopitisha mpaka wa ardhioevu bila hata mjumbe mmoja kushika udongo, wakati posho ya safari ipo kwenye bajeti.

Wakati mwingine kinachopikwa ni namba. Australia wana bonde la Murray-Darling, mito yao mikubwa, na baada ya miaka ya ukame mkali wakaunda mamlaka ya kitaalamu iliyotakiwa na sheria ya 2007 iseme kwa sayansi ni maji kiasi gani yarudishwe mtoni kutoka kwa wakulima wa umwagiliaji. Mwongozo wa 2010 ukaja na makadirio ya kuanzia lita bilioni 3,000 kwa mwaka kwenda juu. Wakulima wakachachamaa, kuna waliochoma nakala za mwongozo hadharani. Mpango wenyewe ulipopitishwa 2012 namba ikawa lita bilioni 2,750. Baadaye tume ya uchunguzi iliyoundwa na jimbo la Australia Kusini, ikiongozwa na mwanasheria Bret Walker, ikasikia ushahidi kwamba ndani ya mamlaka watu walikuwa wameelekezwa namba lazima ianze na mbili. Ianze na mbili! Mto haujui tarakimu, samaki hawajui. Ripoti ya tume ilitoka Januari 2019, na mwezi huo huo kule Menindee kwenye mto Darling samaki walikuwa wanaelea wamekufa kwa malaki, ukame ulikuwepo kweli, lakini wanasayansi walisema pia kwamba maji yalishachukuliwa mengi mno huko juu kabla hayajafika. Na huko juu, kaskazini mwa bonde, mashamba makubwa yalikuwa yanakinga maji ya mafuriko kwenye mabwawa yao na mengi ya maji hayo hayakuwa yakipimwa kwa mita. Hapo hata ukiwa na bodi ya malaika itaamua nini, kama hawajui kilichochotwa?

Hoja inayotolewa na wenye viwanda na mashamba makubwa, na ina nguvu kwa hiyo tusiidharau, ni kwamba wao ndio wanalipa. Ada za vibali zinatoka kwao, ajira zinatoka kwao, basi wawe na sauti. Waholanzi wameishi na hoja hii kwa mamia ya miaka. Bodi zao za maji ni za zamani kuliko serikali yao yenyewe, za kwanza zilianza enzi za kati, watu wa eneo wanaungana kujenga kingo na kusukuma maji yasiwafunike, na kanuni ikawa mwenye maslahi analipa na anayelipa ana sauti. Mpaka juzi juzi, kwenye bodi zao 21 wananchi walikuwa wanapiga kura, lakini viti kadhaa vilikuwa vimetengwa, havipigiwi kura, vinajazwa na vyama vya wakulima, vya wafanyabiashara na vya wenye misitu na hifadhi. Mkulima ana haki ya kupiga kura kama mwananchi mwingine halafu juu yake chama chake kina kiti cha bure, ni kama kula mara mbili. Wakabishana miaka. Mwaka 2022 sheria ikabadilishwa, na kuanzia uchaguzi wa Machi 2023 viti vya wafanyabiashara vikafutwa kabisa, wakulima wakabakiwa na viwili kila bodi na hifadhi ya asili viwili. Yaani hawakumaliza kazi, ilikuwa ni maridhiano ya bungeni kama kawaida. Na kichekesho ni kwamba uchaguzi ule ule chama cha siasa cha wakulima, BBB, kikapata kura nyingi sana kwa njia ya sanduku. Kuna waliosema basi mageuzi yameshindwa. Mimi nasema hapana, hiyo ndiyo njia yake, ukitaka kiti kaombe kura, simama mbele ya watu wanaokunywa hayo maji uwaeleze unataka kuyafanyia nini, ukishinda umeshinda na ukiboronga wanakutoa.

Halafu hiyo kanuni ya anayelipa ana sauti ina shimo kubwa katikati, maana haihesabu anayelipa bila kupewa risiti. Anayenunua maji ya madumu kwa sababu mto umechafuka analipa. Mvuvi ambaye mazalia ya samaki yamefukiwa analipa. Halmashauri inayojenga mtaro mpya kwa sababu ardhioevu iliyokuwa inameza mafuriko bure imekuwa eneo la viwanda inalipa, na hela ni ya umma. Tungewaandikia wote hawa risiti tuone nani angekuwa na viti vingi.

Florida walijaribu kuandika hilo kwenye katiba. Novemba 1996 wapiga kura wa jimbo waliulizwa, pamoja na mengine, mambo mawili siku moja, kwanza kama wazalishaji wa sukari watozwe senti moja kwa kila ratili ya sukari kwa ajili ya kusafisha Everglades, pili kama katiba iseme kwamba anayechafua ndiye alipe gharama za usafi. La kwanza lilianguka baada ya kampeni ya pesa nyingi mno. La pili likapita. Watu wakalala wakijua wameshinda, mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ikasema kifungu hicho hakijitekelezi chenyewe, kinasubiri bunge litunge sheria. Unaona tena, hakuna bahasha hata moja kwenye hadithi hii. Shida yao ilikuwa fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea, inayotiririka na maji ya mashambani, kiwango kinachovumilika kule kwenye kinamasi ni sehemu 10 kwa bilioni, kidogo mno, ikizidi majani ya asili yanasongwa na magugu marefu na ndege hawapati pa kutua wala pa kuwinda. Tarehe ya mwisho ya kufikia kiwango ilikuwa 2006, sheria ya 2003 ikaisogeza mbele. Kusogeza tarehe ni ufundi wa peke yake, maana hakuna anayeandamana kwa sababu ya kalenda.

Njia nyingine ya kuishika bodi ni kuinyima hela. Mwaka 2011 gavana wa wakati huo wa Florida, Rick Scott, pamoja na bunge lake walikata kodi ya majengo inayoendesha hizo wilaya za maji, ile ya kusini ikapoteza karibu theluthi ya mapato hayo na wafanyakazi wakapunguzwa. Kwa mwananchi ilitangazwa kama nafuu ya kodi. Sawa, kila mtu anapenda nafuu, ila bodi isiyo na mkemia wake mwenyewe itaamini mkemia wa nani? Bodi isiyo na gari la kwenda kusoma mita itasoma fomu aliyojaza mwenye mita. Kwa hiyo mtu anaweza asiguse kiti hata kimoja, akahakikisha tu kwamba bodi ni maskini, vingine vinakuja vyenyewe.

Najua kuna watakaoniambia sasa unataka bodi ijae wanaharakati wasiojua pampu wala valvu. Hapana bwana. Mhandisi wa kiwanda anajua vitu ambavyo mimi sijui na inabidi asikilizwe, aitwe, apewe muda mrefu kuliko zile dakika tatu za mzee, aulizwe maswali magumu. Ila kupiga kura asipige. Na hili la "nina maslahi hivyo natoka nje" lisituzuge, nalo ni igizo. Mjumbe anatoka ajenda yake ikifika, anakunywa chai, anarudi kupigia kura ajenda ya mwenzake wa sekta ile ile, na mwenzake naye mwezi ujao anatoka kunywa chai. Ukiwa na watatu wa aina hiyo kwenye bodi ya tisa tayari kila siku una wawili ndani.

Mimi ningeanza na vitu vya kuchosha visivyo na makofi. Mjumbe alipwe posho ya maana ili muuguzi na mvuvi nao waweze kukaa. Mshauri mwelekezi alipwe kwa pesa ya mwombaji ndiyo, lakini achaguliwe na bodi kutoka kwenye orodha na ripoti iwe mali ya bodi. Ajenda isiyokaa hadharani wiki mbili isipigiwe kura, hata kama mwenyekiti anasema ni ya dharura, na dharura kwenye kibali cha miaka ishirini sijawahi kuielewa. Mita za wachotaji wakubwa zisomwe na mtu wa bodi, na usomaji ubandikwe pale mwananchi anapoweza kuuona, jina la kampuni na lita zake. Wajumbe na maofisa wakitoka kwenye bodi wakae miaka kadhaa kabla ya kuajiriwa na waliokuwa wanawapa vibali, maana afisa anayejua atakwenda kufanya kazi wapi mwakani ameshaanza kazi hiyo leo akiwa ofisi ya umma.

Na ninyi Mhariri mna lenu. Uteuzi wa bodi unapotangazwa mnachapa majina na picha ya kuapishwa basi, ukurasa wa ndani, aya mbili. Naomba mara nyingine mkichapa majina mchape na kila mmoja anafanya kazi gani, ana hisa wapi, na kama kampuni yake ina kibali cha maji au ombi linalosubiri kusikilizwa na bodi hiyo hiyo. Mwandishi akinyimwa hizo taarifa, chapeni kwamba amenyimwa na nani kamnyima. Halafu mtumeni mtu akakae kwenye kikao cha kawaida, kile kisicho na mgogoro wala waziri, atuandikie nani aliongea na kwa dakika ngapi.

Msomaji wenu